Waliozaliwa Tarehe Kumi na Mbili

Makao Makuu, Chumba Na. 410
9 Januari

Dada yangu,

Najua utaangalia tarehe kabla hujasoma hata neno moja, kwa hiyo nakiri mapema: barua hii imechelewa wiki tatu. Nilipokuwa bwenini nilikuandikia kila Jumapili kwa sababu sikuwa na la kufanya. Siku hizi la kufanya limenizidi kimo. Na ukinipigia simu, katibu wangu anakujibu, "Mkurugenzi yuko kikaoni," nawe unakata bila kuacha ujumbe, halafu unanuna mwezi mzima. Basi turudi kwenye karatasi, tulikozoea.

Habari yenyewe ni hii: wamekubali! Miaka kumi na moja nimezunguka ofisi hii na ile nikieleza jambo lile lile, kwamba haifai hospitali iwe na orodha yake ya watu, shule ziwe na yao, idara ya ajira iwe na yake, na hakuna hata moja inayomjua mwenzake. Sasa tunajenga mfumo mmoja. Mtu ataandikwa mara moja, siku anayozaliwa, na ofisi zote zitasoma hapo hapo. Nami ndiye nitakayeongoza kazi hiyo.

Juzi nilishuka ghalani kuangalia madaftari ya vizazi ya wilaya za karibu. Yamepangwa sakafuni kama matofali, na mengine panya wameyasoma kuliko sisi. Nilifungua moja, vumbi likanijaa puani, na machozi yakanitoka. Wenzangu walidhani ni vumbi. Waache wadhani hivyo.

Yote tutayapiga picha, ukurasa kwa ukurasa, kompyuta iyasome. Kwa hiyo nitahitaji na ya kwenu. Gari litapita mwezi ujao. Nilimwambia naibu wangu, "Wilaya ile usihangaike nayo. Dirisha namba tatu yupo dada yangu, aliyenilea mimi kwa mkono mmoja na madaftari yale kwa mkono wa pili."

Kinda wako


Ofisi ya Uandikishaji, Dirisha Na. 3
23 Januari

Kinda,

Mkurugenzi ni huko. Huku wewe ni Kinda, na kinda akichelewa kuandika hufinywa sikio.

Hongera, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nimekaa, na ya tatu nimesimama katikati ya ofisi nikiwasomea wenzangu. Msajili akasema, "Kumbe Bi Mhuri ana mdogo mkubwa kiasi hiki!" Nikamwambia, ukubwa wake ni wa huko, mimi nilimfuta kamasi. Wakacheka. Lakini nilipogeuka kwenda kuchukua mhuri wangu, ilibidi nitulie kidogo nyuma ya kabati.

Madaftari yapo tayari, thelathini na tisa, nimeyafuta vumbi moja moja kama watoto wanaokwenda kupigwa picha. Ila nina ombi. Daftari la Kumi na Nne niachie hapa. Uti wake umelegea, likishikwa vibaya ukurasa utakubakia mkononi. Yapo mengine thelathini na manane, hilo moja likikosekana hakuna atakayelala njaa.

Unakula? Kwenye picha ya gazetini nimeona tai, shingo sikuiona.

Dada yako


Makao Makuu
5 Februari

Dada,

Daftari la Kumi na Nne ndilo la mwaka niliozaliwa mimi! Hilo hasa ndilo ninalolitaka. Siku mfumo utakapofunguliwa, jina la kwanza nitakalolitafuta ni langu, kisha nitalitafuta lako.

Usiogope. Nimewaambia wavae glovu na walibebe kama yai. Likirudi na mkunjo mmoja, njoo unifinye.

Nakula. Tai ndiyo iliyokuwa kubwa.

Kinda


Dirisha Na. 3
18 Machi

Kinda,

Mfumo wako umeanza kazi hapa Jumatatu ya wiki iliyopita, nasi tulipiga makofi. Nakupa haki yako: cheti kilichochukua siku tisa sasa kinatoka kabla mtu hajamaliza kunisimulia maumivu ya goti lake. Ni kazi nzuri. Nilitaka uisikie kwangu kabla sijasema la pili.

La pili ni hili. Jumatano alikuja fundi cherehani wa karibu na kituo cha mabasi. Ana mimba ya miezi minane, mimba aliyoingoja miaka kumi na miwili. Kliniki waliingiza namba yake, kompyuta ikaandika TAARIFA IMEZUIWA. Muuguzi akamwambia aje kwetu. Nikaingiza mimi, ikaandika vile vile. Akaniuliza, "Bi Mhuri, nimezuiwa nini, kuzaa?" Nikacheka, naye akacheka.

Alhamisi akaja mwalimu aliyepandishwa kuwa mkuu wa shule. Idara ya ajira wamemwambia hayupo. Ijumaa wakaja sita. Leo wamefika kumi na tisa, na dereva mmoja wa lori yupo kwenye benchi tangu asubuhi, anasema haondoki mpaka kompyuta imwombe radhi.

Wote ni wa Daftari la Kumi na Nne. Nakuomba kama dada yako: wafungulie. Funguo unazo wewe. Usiniulize mengi.

Dada yako


Makao Makuu
26 Machi

Dada,

Kwa kuwa funguo ninazo mimi, ndiyo maana siwezi kufungua ovyo. Ngoja nikueleze, utaona mwenyewe jambo hili linavyonuka.

Mfumo una kazi maalumu ya kuwasaka watu hewa, majina yaliyotungwa na wajanja ili wapate vyeti vya kuuza. Ndani ya daftari lenu hilo moja umekuta watu mia mbili na kumi na wawili waliozaliwa siku moja, tarehe kumi na mbili Juni. Wilaya ambayo mwaka mzima huzaliwa watoto mia tano! Wakunga wa siku hiyo walipata wapi mikono? Ripoti inasema mwandiko ni mmoja, wino ni mmoja, na sahihi ya msajili hakuna.

Sasa cheka: tarehe hiyo ni siku yangu! Na mimi nimezuiwa. Jumanne kadi yangu ilikataa kufungua mlango wa ofisi yangu mwenyewe, mlango ambao mfumo wake nimeujenga mimi. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Naibu akanifungulia kwa dakika tano, kwa kuwa mimi ananijua. Basi mimi peke yangu ndiye niliyezaliwa kweli siku hiyo. Hao mia mbili na kumi na mmoja sijui aliyewatunga ni nani, na amethubutu vipi kuwaficha nyuma ya mgongo wangu.

Mkaguzi ataanza kazi baada ya wiki mbili. Aliyefanya hivi nikimpata, sitamwonea huruma. Kazi yangu yote, Dada, nimeijenga juu ya neno moja, kwamba kilichoandikwa kiwe kweli.

Mwaka ule wewe ulikuwa bado msichana wa shule. Lakini ulipoajiriwa uliwakuta wazee wa ofisi. Hukuwahi kusikia wakimtaja mtu?

Kinda


Dirisha Na. 3
4 Aprili

Kinda,

Wewe ulifunguliwa kwa dakika tano kwa kuwa mtu anakujua. Hawa mimi nawajua wote.

Fundi cherehani amejifungua Jumapili, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Walimpokea, wauguzi ni watu wenye utu. Lakini mtoto haandikiki. Mfumo unataka namba ya mama, na mama amezuiwa. Fomu ninayo hapa mbele yangu, sehemu ya mama iko tupu. Nimekaa dirishani miaka ishirini na tisa na sijawahi kuandika mtoto asiye na mama. Hata wale ambao mama zao walikuwa wameshakufa, niliandika jina la mama.

Usimtume mkaguzi wako mbali. Aliyeandika ni mimi.

Daftari hilo halikuandikwa mwaka uliozaliwa wewe. Liliandikwa miaka saba baadaye, nami nilikuwa karani wa muda mwenye miezi minne kazini. Mvua ilinyesha siku tatu za mapumziko, bati la juu ya kabati likaachia, na tuliporudi ofisini Daftari la Kumi na Nne la kwanza lilikuwa uji. Nililishika, likapita katikati ya vidole vyangu. Mwaka mzima wa watoto, Kinda. Na mwaka huo wa mvua ndio waliotakiwa kuanza shule. Shule zikataka nakala ya daftari, na daftari lilikuwa limelala kwenye ndoo.

Msajili wa wakati ule alisema, "Andika barua makao makuu, tungoje maelekezo." Niliandika. Tukangoja. Shule zilikuwa zimebakiza wiki tano kufunguliwa. Basi nikanunua daftari jipya, nikatembea. Nyumba kwa nyumba, kila siku nikitoka kazini na kila mwisho wa juma. Wewe nilikuacha kwa jirani, yule mama wa nyumba ya kona, ukanikasirikia kwa kuwa nilikuwa narudi umeshalala.

Waliokuwa na kadi ya kliniki niliwaandika kwa tarehe zao, mia tatu na zaidi. Lakini wengi hawakuwa na kitu. Mama mmoja aliniambia, "Alizaliwa wakati mbuzi wetu wamepotea." Mwingine, "Kabla kidogo ya harusi ya mdogo wangu." Ningefanya nini? Ningewakisia kila mmoja tarehe yake ningekuwa nimetunga watoto. Nikaona afadhali wote niwape tarehe moja, ile niliyofungulia daftari, kumi na mbili Juni, ili mwenye macho akiiona ajue kwamba hapa siku haijulikani. Msajili alikataa kutia sahihi. Mhuri ulikuwa mezani kwake, naye alikuwa ametoka kwenda kula. Niligonga mwenyewe. Tangu siku hiyo wakaniita Bi Mhuri, wakidhani ni utani.

Wote walianza shule.

Sikukuambia kwa sababu nilikuona unavyokua na neno lako hilo, kwamba kilichoandikwa kiwe kweli, nikaogopa. Maelezo yote niliyaandika ndani ya jalada la daftari. Nilijua siku moja atakuja mtu kulifungua. Sikujua atakuwa wewe, wala sikujua kwamba halitafunguliwa kwa mkono.

Fanya unachotakiwa kufanya. Ila mtoto wa fundi usimwache hivyo.

Dada yako


Makao Makuu
17 Aprili

Dada,

Barua yako ilinikuta nimeshajua. Picha za kurasa zililetwa mezani kwangu siku mbili kabla. Nilitazama mstari wa kwanza tu. Herufi zako ndizo zilizonifundisha kusoma. Ningezijua hata kama zingeandikwa majini. Nilifunga mlango, nikakaa, na katibu akawaambia watu kwamba nipo kikaoni. Safari hii nilikuwa kikaoni kweli, na nafsi yangu.

Kisha nilishuka ghalani kulitafuta daftari lenyewe. Tulikuwa tumeagiza zipigwe picha kurasa zenye namba tu, ili tusipoteze muda. Agizo hilo nililiandika mimi. Jalada la ndani halina namba, kwa hiyo kompyuta haikuliona. Nimelisoma nimechuchumaa sakafuni:

"Walioandikwa tarehe 12 Juni siku zao hazijulikani. Tarehe ni ya kukadiria. Watu wenyewe si wa kukadiria. Nimewaona wote kwa macho yangu, 211."

Dada, nimefanya kazi na wataalamu waliosoma ng'ambo. Hakuna aliyewahi kuniandikia maelezo ya taarifa yaliyo safi kuliko hayo.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza, nilimpelekea naibu pendekezo kwamba mfumo uwe na nafasi ya "tarehe ya kukadiria," na chini yake jina la aliyekadiria na sababu. Tulijenga mfumo unaojua ndiyo na hapana, tukasahau kuufundisha kusema sijui. La pili, nilikwenda mbele ya kamati nikasema mwandishi ni dada yangu, aliyenilea, na kwamba sifai kuendelea na shauri hili wala kuongoza mradi wakati linasikilizwa. Mwenyekiti aliniuliza, "Ungeweza kunyamaza, nani angejua?" Nikamjibu kwamba ningejua mimi, na jalada la daftari lingejua.

Mtoto wa fundi ataandikwa. Hilo naibu ameniahidi, na yeye neno lake halirudi nyuma.

Sasa nina swali langu, nalo si la kazi. Jalada linasema 211. Mfumo umehesabu 212. Nimehesabu kwa kidole mara tatu, mfumo hauna kosa. Jina langu ndilo la kwanza kwenye ukurasa. Uliwahesabu wote ambao siku zao huzijui, na mimi hukunihesabu. Kwa hiyo siku yangu unaijua.

Dada, nilizaliwa lini?

Kinda


Makao Makuu, Ofisi ya Naibu Mkurugenzi
24 Aprili

Kwa Karani wa Dirisha Na. 3,

YAH: KUSIMAMISHWA KWA MUDA NA KUITWA MBELE YA KAMATI

Unaarifiwa kwamba kuanzia leo umesimamishwa kutoa huduma dirishani na kutumia mhuri wa ofisi. Kamati itasikiliza shauri la Daftari Na. 14 wilayani kwenu tarehe 22 Mei, saa tatu asubuhi. Unaruhusiwa kuleta mashahidi. Taarifa za wahusika zimefunguliwa kwa muda hadi uamuzi utakapotolewa.

Naibu Mkurugenzi

Mama, hayo ya juu nimeandika kwa cheo, haya naandika kwa mkono. Bosi wangu siku hizi anakuja ofisini, anakaa, anaangalia mlango wa ghala. Sijui umemwandikia nini au hujamwandikia nini. Kama lipo la kumwambia, usimcheleweshe.


Nyumbani
3 Mei

Kinda wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi kuliko nilivyowahi kuanza kitu chochote. Sasa sina dirisha wala mhuri wa kujifichia, nipo jikoni, na sufuria imeungua mara mbili.

Ulizaliwa tarehe ishirini na tisa Septemba, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Mama alifariki siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita.

Siku zote nilikuambia mama alikufa ulipokuwa mchanga. Si uongo, ila si kweli yote. Baba alikuwa ameshatangulia miezi mitatu nyuma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano. Muuguzi alitoka na wewe umefungwa kwenye shuka la hospitali, akatafuta mtu mzima wa kumpa, akaangalia kulia na kushoto, mwisho akanipa mimi. Akaniambia, "Mshike kichwa." Mpaka leo sijaacha.

Nilipofika kwenye daftari jipya, wewe ulikuwa unakaribia miaka saba na ulikuwa umeanza kuuliza. Uliniuliza, "Siku ya kuzaliwa ni siku gani?" kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa amepata kofia siku yake. Nikawaza: nikimwambia Septemba ishirini na tisa, kila mwaka atakuwa anafurahi juu ya kaburi. Na siku moja atapiga hesabu, aseme yeye ndiye aliyemuua. Kinda, hukumuua mtu. Mama alivuja damu, na gari la kumpeleka hospitali kubwa halikuwepo. Sababu ni hiyo, usiitafute nyingine. Uliwekwa kifuani pake, akakuona. Alisema, "Huyu ana masikio ya baba yake," akacheka kidogo. Nilikuwepo.

Basi nilipofungua daftari, kabla sijakwenda nyumba ya mtu yeyote, niliandika jina lako kwanza na tarehe ya siku ile. Kumi na mbili Juni haikuwa na msiba wowote kwetu. Nilikupa siku safi. Kisha nilipoanza kukutana na watoto wasio na tarehe, nikawapa na wao siku hiyo hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimeshaifungua.

Wale 211 niliwaandika kwa kukadiria. Wewe peke yako nilikuandika kwa kudanganya. Katika daftari zima, uongo ni mmoja tu, na ni wa mtu niliyempenda kuliko wote.

Nikasirikie ukitaka. Ila ule.

Dada yako


Nyumbani
28 Mei

Kinda,

Hujanijibu, nami sikulaumu. Naandika kwa sababu lazima ujue yaliyotokea, na kwa sababu nimezoea kukuandikia.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa shule, maana ofisi yetu isingewatosha. Mimi niliita mashahidi sita. Walikuja zaidi ya mia moja na sabini. Mlinzi wa geti alidhani ni siku ya chanjo. Fundi cherehani alikuja na mtoto mgongoni. Ameshaandikwa, nimekiona cheti. Dereva wa lori alivaa koti lililombana, akakaa mstari wa mbele kama bwana harusi.

Mwenyekiti akauliza, "Nani kati yenu anayekumbuka kuandikwa?" Walikuwa na miaka saba tu. Mikono ikanyanyuka mingi kuliko nilivyotegemea. Mwalimu akasema, "Nakumbuka dada mmoja mwembamba, viatu vyake vimejaa tope, alimuuliza mama jina langu, kisha akaniuliza na mimi, kama vile naweza kubisha." Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akatazama chini.

Kisha akanigeukia. "Maelezo yako ni ya watu 211. Orodha ina 212. Huyo mwingine?" Naibu wako alikuwepo, akanitazama kwa jicho la kunihurumia. Ningeweza kusema nilikosea kuhesabu, nao wangeliamini. Nikasema, "Huyo ni mdogo wangu. Siku yake niliijua. Nilidanganya." Nikaeleza kwa nini. Yule mtoto wa fundi akachagua wakati huo huo kulia.

Uamuzi ni huu. Wale 211 watabaki, tarehe zao zitaandikwa ni za kukadiria, na jina langu litakaa chini yake kama mwenye kukadiria. Pendekezo lako limepita kwa nchi nzima. Kwangu mimi: kwa kugonga mhuri bila ruhusa, onyo la maandishi. Kwa ule uongo mmoja, sitashika tena mhuri wa serikali mpaka nitakapostaafu. Nitarudi kazini, chumba cha nyuma, kupanga mafaili.

Ni haki. Nimelia, lakini ni haki. Dereva wa lori aliniambia mlangoni, "Sisi tutaendelea kukuita Bi Mhuri, hiyo kamati haina mamlaka nayo."

Nijibu hata mstari mmoja. Hata matusi.

Dada yako


Njiani, wilaya ya tatu tangu nitoke
19 Juni

Dada,

Sina matusi. Nilikosa maneno tu, nami nilidhani maneno ni kazi yangu.

Barua yako ya Mei nilitembea nayo mfukoni siku arobaini. Nikiwa kwenye foleni ya chakula naisoma. Nikiwa kwenye lifti naisoma. Ulijua nitapiga ile hesabu, na kweli nilipiga, mara nyingi, na kila mara nikifika kwenye jibu nilikuta umeshaandika hapo, "Hukumuua mtu." Nilikasirika, lakini hasira ilikosa pa kukaa. Kila nilipotaka kuiweka juu yako niliona msichana wa miaka kumi na tano ameambiwa ashike kichwa.

Wamenitaka nirudi kuongoza mradi. Nimekataa. Naibu anauongoza, naye anauweza kuliko mimi, kwa sababu huuliza kabla ya kuagiza. Mimi nimeomba kazi nyingine: nazunguka wilaya kwa wilaya nikikaa na makarani wa zamani kabla madaftari hayajapigwa picha. Nawauliza, "Humu ndani kuna nini ambacho kompyuta haitakiona?" Mwanzo wananitazama kama mtego. Kisha huenda kabatini. Hapa nilipo, mzee mmoja amenionyesha alama ya msalaba mdogo kando ya majina arobaini. Alikuwa amemngoja miaka ishirini mtu wa kumuuliza. Ni kazi ndogo kwa cheo. Kwa miguu ni kubwa, nimeshamaliza soli.

Tarehe kumi na mbili wenzangu walinipigia kunitakia heri. Nikawashukuru, nikawaambia siyo leo. Kisha nikaenda kwenye ofisi ya uandikishaji ya hapa, nikapanga foleni kama watu wote, kwa muda wa saa mbili na nusu. Binti wa dirishani hanijui. Akasema, "Kubadilisha tarehe ya kuzaliwa. Ya mwanzo ilikuwa ya kukadiria?"

Nikasema, "Hapana."

"Ilikosewa?"

"Hapana. Nilipewa."

Akanitazama, akaona hakuna kisanduku cha jibu hilo, akaacha wazi. Akauliza, "Shahidi wa kuzaliwa yupo hai?" Nikamwambia yupo. "Uhusiano?" Hapo, Dada, nikashindwa. Nilitaka kusema dada, na neno lilikuwa dogo. Nilitaka kusema mama, na mama ninaye, nimempata sasa hivi, alicheka akasema nina masikio ya baba. Watu nyuma yangu walianza kuguna. Mwisho nikasema, "Andika: aliyenipokea."

Akaandika.

Kinda wako


Nyumbani
29 Septemba

Kinda,

Kila mwaka tarehe ya leo nilikuwa naomba ruhusa kazini nikisema nina jino. Msajili alishaniuliza nina meno mangapi. Mwaka huu nimeandika kwenye fomu sababu yenyewe, akaisaini bila kuuliza.

Nilifika kaburini saa nne. Nilipalilia, nikamwagia maji lile ua ambalo halitaki kushika. Miaka yote nilikuwa nakaa pale nikimwambia habari zako kwa sauti ya chini, umefaulu mtihani huu, umepata kazi ile, umekonda. Na kila mara niliishia hapo, kwa sababu lilikuwepo neno ambalo sikuweza kulisema mbele yake: kwamba siku yake na siku yako nilikuwa nimezitenganisha, na kwamba wewe hujui.

Leo nilikaa, nikanyoosha miguu. Nikamwambia, "Mama, mtoto ametimiza miaka thelathini na sita. Anajua. Na hakuniacha."

Nilikaa mpaka kivuli kikanifikia. Nilidhani nitalia kama miaka mingine, kumbe nilikuwa nacheka, nikikumbuka masikio yako.

Heri ya siku ya kuzaliwa, mdogo wangu. Ni mara ya kwanza nakutakia siku yenyewe.

Dada yako,
aliyekupokea